Kati ya Tabaka na Tabaka: Udongo wa Mbuga na Elimu Tunayoikanyaga

Masika ya mwaka jana nilialikwa harusini Terrat. Ninamaanisha Terrat ya kusini mwa Jiji la Arusha, si somo wake wa Simanjiro. Tulipoacha lami, gari letu dogo lilikwenda kitambo kidogo likakwama. Halikuwa tope la kawaida. Ulikuwa udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na masika huvimba, ukanata, ukakataa kuachia gurudumu. Vijana wanne walisukuma hadi mashati yao ya harusi yakabadilika rangi. Mwenyeji wetu alitania kwamba udongo wa kwao haupendi mgeni apite haraka.

Nyuma ya nyumba ya matofali, bibi wa bwana harusi, ambaye wote pale walimwita koko, alikuwa akiziba kwa mikono yake ukuta wa nyumba ya zamani uliolowa mvua. Nilimwamkia, akaniitikia bila kuacha kazi. Mbele yake palikuwa na rundo la udongo na rundo la kinyesi kibichi cha ng'ombe. Nilimwuliza kwa nini asitumie udongo peke yake, maana upo tele. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyechelewa kuachishwa ziwa. Udongo ukiwa peke yake, alisema, una hasira, hupasuka. Ukiupa kinyesi kibichi, unatulia.

Mimi ni mwalimu wa historia, si mkemia. Hata hivyo maneno ya koko yalinifuata hadi mjini, nikamwendea mwenzangu wa idara ya kemia kumwuliza udongo unakasirikia nini. Alichukua daftari, akaliweka mezani, akasema, "Huu ndio udongo wa mbuga." Madini yaliyotawala ndani ya udongo wa namna hiyo ni ya jamii ya montimorilonaiti, jina lililotokana na mji wa Montmorillon nchini Ufaransa. Kila chembe yake imepangwa kama kurasa, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina unene wa takriban nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Matabaka hayo yana chaji hasi, na kati yake hukaa ayoni za sodiamu au kalisiamu zenye chaji chanya, ambazo huisawazisha. Maji yakija hupenya humo, kurasa zikatengana, udongo ukavimba. Jua likija maji huondoka, kurasa zikakaribiana, ardhi ikapasuka. Hiyo ndiyo hasira aliyoisema koko. Ukizikunjua kurasa zote za gramu moja ya madini hayo utapata eneo linaloweza kuzidi mita za mraba 700. Gramu kumi zingetosha kufunika uwanja wa mpira.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba ayoni zile hazikukaa pale milele. Zinaweza kufukuzwa na kupisha wapangaji wapya. Ukiuloweka udongo katika maji yenye molekyuli za kaboni zenye kichwa cha chaji chanya na mkia mrefu wa mafuta, kichwa hushika tabaka, mkia hulala kati ya kurasa, na nafasi ya katikati hupanuka. Udongo uliopenda maji sasa huyakimbia na kupenda mafuta. Kwa hiyo mtu anaweza kuubadili tabia udongo bila kuuchoma wala kuuvunja, kwa kumchagua tu mgeni wa kumwingiza kati ya tabaka na tabaka.

Historia ya elimu hii ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa kuwa ndani yake naiona historia yetu sisi.

Tuanzie Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, na Waingereza wakairithi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hapo alifanya kazi mkemia wa udongo Geoffrey Milne. Kuanzia Desemba 1935 hadi Februari 1936 alisafiri sehemu kadhaa za Tanganyika akiangalia udongo, na mwaka 1936 ikatoka ramani ya udongo ya Afrika Mashariki iliyoandaliwa chini ya uongozi wake. Milne ndiye aliyeupa ulimwengu wazo la katena, yaani mnyororo: kwamba udongo hubadilika kwa utaratibu kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, mwekundu juu, mweusi chini. Mpaka leo wanafunzi wa sayansi ya udongo duniani kote hufundishwa neno hilo. Neno letu "mbuga" nalo likaingia katika maandishi ya Kiingereza ya sayansi hiyo, likiutaja udongo ule ule ulioshika gari letu Terrat.

Msomaji atambue kwamba mkulima yeyote wa Usukumani au Umeru alijua bila ramani kwamba juu kunafaa zao hili na bondeni kunafaa lile. Alikuwa na majina ya kila aina ya udongo wa kijiji chake. Simpunguzii Milne sifa yake. Aliona mpangilio, akauandika, akaupa sababu. Ninachosema ni kwamba mimi na wenzangu tulipofundishwa kazi yake hatukutajiwa hata jina moja la waliochimba mashimo yake wala la waliomwambia mbuga inaitwaje.

Wakati Milne akiiandika ardhi kwa nje, wengine walikuwa wameanza kuifungua kwa ndani. Mwaka 1933 Wajerumani watatu, Hofmann, Endell na Wilm, walieleza kwa kutumia miale ya eksirei muundo wa montimorilonaiti na namna matabaka yake yanavyoachana kwa maji. Mwaka uliofuata, Marekani, C. R. Smith alichapisha kazi juu ya udongo huo na besi za kaboni. Mwaka 1939 Gieseking alionyesha jinsi ayoni kubwa za kaboni zinavyoingia kati ya matabaka na kuyasogeza. Mwaka 1949 John Jordan akaeleza kwa kina udongo uliogeuzwa ukawa rafiki wa mafuta. Toka hapo haukuwa tena mambo ya maabara. Uliingia katika rangi za mafuta ili zisichuruzike ukutani, katika grisi za mashine, na katika matope mazito yanayotumika kuchimba visima vya petroli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Toyota waliyaingiza matabaka hayo ndani ya nailoni, wakapata plastiki ngumu na nyepesi iliyotumika kutengeneza vipuri vya magari. Huenda gari lililokwama kwenye udongo wa Terrat lilibeba ndani yake udongo wa jamii ile ile, uliosomeshwa ng'ambo.

Lakini kuna sura moja ya historia hii ambayo huwa naisoma kwa tabasamu. Mwaka 1963 mkemia wa Kijerumani Armin Weiss aliandika juu ya siri ya wafinyanzi wa kauri wa China ya kale. Miaka michache kabla yake ilikuwa imegunduliwa kwamba hata kaolini, udongo mweupe ambao kwa kawaida hauvimbi, hufunguka ukiingizwa yurea. Weiss alipendekeza kwamba Wachina waliouhifadhi udongo wao kwa muda mrefu pamoja na mkojo walikuwa wakifanya jambo hilo hilo: yurea iliingia kati ya matabaka, udongo ukalainika, ukaweza kufinyangwa kwa wembamba wa ajabu. Wamaya wa Amerika ya Kati nao walichanganya nili na aina ya udongo ambao badala ya matabaka yaliyo wazi una mifereji midogo sana, wakapata rangi ya buluu iliyostahimili karne nyingi. Hawakuwa na eksirei. Walikuwa na uvumilivu, na walikuwa na wajukuu wa kuwarithisha.

Sidai kwamba koko wa Terrat alikuwa akiingiza molekyuli katika madini. Katika ukuta wake, kazi kubwa pengine hufanywa na nyuzi za majani zilizomo kinyesini, zinazozuia ufa usitembee, pamoja na ute unaogandisha chembe. Ninachodai ni kwamba swali lake ni lile lile la Smith na Jordan: nimpe nini udongo huu ili utulie? Tofauti ni kwamba swali la Jordan lilipata maabara, kiwanda na soko. La koko lilipata jina la "nyumba duni" katika takwimu zetu za makazi.

Turudi Arusha, maana mji huu una ushahidi wake. Kaskazini kwetu, katika bonde la Amboseli upande wa Tanzania, pako Sinya. Huko hupatikana madini meupe na mepesi ambayo Wajerumani waliyaita povu la bahari. Jina lake la kisayansi ni sepiolaiti. Ni ndugu wa karibu wa udongo ule wa buluu ya Wamaya, nao una mifereji inayoweza kupokea molekyuli za kaboni. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ilikuwa na kiwanda hapa Arusha kilichotengeneza kiko kwa madini hayo, zikauzwa nje ya nchi kwa jina la "Kiko" na alama ya tembo. Sepiolaiti hufaa kwa kiko kwa sababu mifereji yake hufyonza unyevu na lami ya tumbaku. Kwa maneno mengine, mji wetu uliwahi kuuza kwa ulimwengu bidhaa ambayo thamani yake yote ilitokana na uwezo wa udongo kumeza vitu vya kaboni. Leo kiko hizo hutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale huko ughaibuni, ilhali wanafunzi wangu wengi hawajapata kulisikia jina la Sinya.

Mji huu huu ndio uliotoa jina kwa Azimio la mwaka 1967, lililotaja ardhi miongoni mwa mambo manne ambayo maendeleo yanayahitaji, pamoja na watu, siasa safi na uongozi bora. Nimelifundisha Azimio kwa miaka mingi, na kila mwaka hujiuliza tulimaanisha nini kwa neno "ardhi". Tulimaanisha eneo la kulima. Tulizihesabu ekari, tukagawa, tukahamisha watu, tukapanga vijiji. Hatukuuliza kwa bidii ile ile kilichomo ndani ya konzi moja ya ardhi hiyo. Mwaka 2017 tulijadili makinikia nchi nzima, kuanzia bungeni hadi vijiweni, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hasira yetu ilikomea kwenye dhahabu na shaba. Udongo tumeendelea kuupima kwa lori, kama kokoto, na kuongeza thamani tumekuelewa kuwa ni kujenga tanuri. Historia niliyoisimulia hapo juu inaonyesha kwamba thamani inaweza kuongezwa ndani ya ndoo ya maji, iwapo mtu anajua aweke nini ndani yake.

Haya si mambo ya fahari tu. Mimi nimekulia chini ya Mlima Meru na meno yangu yana rangi ya kahawia. Nilipokwenda kusoma mbali na nyumbani, nilijifunza kucheka kwa mdomo uliofungwa. Maji yetu mengi hupita katika miamba ya volkano na kubeba floraidi. Mto Maji ya Chai unajulikana kwa jambo hilo. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 nchi yetu iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, zaidi ya mara tano ya hicho. Baadaye kiliteremshwa hadi 4, na siku hizi kimefikia 1.5 kama kwingine. Naelewa hoja ya waliokiweka: afadhali maji yenye floraidi kuliko kukosa maji kabisa. Lakini kama mwanahistoria siwezi kuficha ninachokiona. Kwa miongo kadhaa, tuliposhindwa kuyabadili maji tulibadili namba. Wengine hawakulipa kwa rangi ya meno tu, bali kwa mifupa iliyopinda.

Majaribio yalikuwepo. Ngurdoto palijengwa kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, na mwaka 1995 pakafanyika warsha ya kimataifa. Mkaa wa mifupa ulijaribiwa na ukafanya kazi. Tengeru, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilianza kufundisha mwaka 2011, na mwaka 2015 mhandisi wake Askwar Hilonga akapata tuzo ya kwanza ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa chujio linalounganisha mchanga na nanomateriali. Udongo nao una nafasi yake hapa. Udongo mbichi wa mbuga haukamati floraidi vizuri, kwa sababu floraidi ina chaji hasi na matabaka yana chaji hasi, vikafukuzana. Ndipo elimu ya kumchagua mgeni inapohitajika. Ukiingiza kati ya matabaka ayoni za alumini, au kaitosani inayotokana na maganda ya kamba, au molekyuli nyingine zenye chaji chanya za kutosha, udongo uliokuwa ukiifukuza floraidi unaweza kuanza kuivuta.

Jambo la pili ni la uhai na mauti. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya aflatoksini iliyokuwa katika mahindi. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Aflatoksini ni molekyuli ya kaboni, na udongo wa jamii ya montimorilonaiti huweza kuiingiza kati ya matabaka yake na kuishikilia ipite tumboni bila kuingia damuni. Timothy Phillips na wenzake wa Texas walilionyesha hilo kwa vyakula vya kuku mwaka 1988. Baadaye majaribio yalifanywa kwa watu, Ghana na kisha Kenya. Katika jaribio la Kenya lililochapishwa mwaka 2017, sumu ilikuwa ya Afrika, matumbo yalikuwa ya Waafrika, na udongo ulitoka Texas.

Nisieleweke vibaya. Udongo wa Texas ulikuwa umesafishwa na kupimwa usalama wake kwa miaka, na mtafiti mwenye dhamiri hawezi kumlisha mtu udongo usiopimwa. Wala simwambii mama mjamzito anunue vidonge vya udongo sokoni. Udongo usiopimwa unaweza kubeba risasi na vimelea, na mshiko ule ule unaokamata sumu huweza kumnyang'anya madini anayoyahitaji. Hoja yangu ni kwamba kupima huko kungeweza kuanza kwetu mapema. Mwaka 2018 watafiti wa Tengeru walichapisha kipimo cha udongo na majivu ya hapa nchini dhidi ya aflatoksini maabarani. Ni mwanzo mzuri, uliokuja miaka thelathini baada ya Texas. Je, miaka mingine thelathini itapita kabla ya mfugaji wa kuku wa Terrat kununua mfuko wa chakula wenye udongo wa Tanzania uliothibitishwa?

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma nina maombi mawili. Kwanza, Taasisi ya Jiolojia ya Dodoma na vyuo vikuu vyetu vikae pamoja na kutoa ramani ya aina za udongo wa mfinyanzi nchini, kwa Kiswahili, iliyo wazi kwa mfinyanzi na kwa mwenye kiwanda cha rangi. Milne alithubutu kuandaa yake kwa nchi kadhaa bila kompyuta. Pili, kila tasnifu inayotumia sampuli ya udongo au maji ya kata fulani irudishe katika ofisi ya kata hiyo ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kilichopatikana. Hilo halihitaji bajeti mpya. Linahitaji heshima tu.

Kwa wanaharakati: mkiipigania ardhi, na muendelee kuipigania, msiipiganie kwa ekari pekee. Anayejua kilichomo kati ya matabaka yake atakuja kuinunua kwa bei ya anayejua eneo lake tu.

Na kwa wanafunzi wangu: nendeni kwa koko zenu na daftari mkononi. Waulizeni udongo upi wanautumia, wanauchanganya na nini, wanauacha siku ngapi, na kwa nini. Kisha mchukueni sampuli mkaipime. Mengine yatathibitika, mengine yatakataliwa na kipimo, na yote mawili ni elimu. Weiss hakuwadharau wafinyanzi wa China kwa sababu ya mkojo. Aliwauliza maswali ya kemia, ingawa walikuwa wamekwisha kufa zamani. Wetu bado wako hai, na baadhi yao wamebakiza masika machache.

Miezi mitatu baadaye nilipita tena Terrat, wakati wa kiangazi. Ardhi yote ilikuwa imepasuka, barabara nayo ngumu kama chuma. Niliuendea ule ukuta na kuupitishia kidole mahali nilipomkuta koko akiziba. Haukuwa na ufa.